Mama aliyeogopa kulizoea tumbo: kisa cha sonona ya ujauzito pembezoni mwa Kisumu

Kisa hiki cha sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi wa kliniki za wajawazito, maafisa wa kliniki na wahamasishaji wa afya ya jamii. Majina, mtaa na kituo vimeondolewa, na maelezo machache ya familia yamebadilishwa ili mama asitambulike. Vipimo, dozi na mpangilio wa matukio vimeachwa wazi, kwa kuwa humo ndimo mna la kujifunza.

Usuli

Mama huyu alikuwa anakaribia miaka 30. Aliishi kwenye boma la mama mkwe pamoja na mtoto wake wa gredi ya kwanza. Mume alikuwa kibarua katika mashamba ya maua Naivasha, na alifika nyumbani kila baada ya wiki 6 hivi. Riziki ya kila siku ilitoka kwenye omena (dagaa wa ziwani): mama alinunua ufuoni, akaanika, akauza sokoni kwa gorogoro (kopo la kupimia).

Mimba hii ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilifika wiki ya 36, mtoto akazaliwa akiwa amefariki, miezi 14 kabla ya siku mama aliyofika kliniki na mimba ya sasa. Siku mbili kabla ya kujifungua mara ile, alikuwa ameona mtoto ametulia tumboni. Nyumbani akaambiwa watoto hutulia wanapokaribia kuzaliwa. Si kweli. Namna ya kucheza inaweza kubadilika mimba inapokua, lakini mtoto mwenye afya huendelea kucheza hadi uchungu unapoanza, na kutulia ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto alizikwa na jamaa wakati mama bado yuko wodini. Hakumwona, na hakuna aliyemwita jina. Aliporudi nyumbani aliambiwa asahau, apate mwingine.

Mambo yalivyokwenda

*Wiki ya 14.* Alifika kituo cha afya cha ngazi ya tatu. Presha 112/70, uzito kilo 54, kiwango cha damu (hemoglobini) 10.1, kipimo cha HIV hasi. Kwenye kitabu cha mama na mtoto kulijazwa kwamba amezaa mara mbili na ana mtoto mmoja hai. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu. Aliulizwa, “Mama, uko sawa?” Akajibu, “Niko sawa, sista.” Alipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vya siku 30, dozi ya kwanza ya SP ya kuzuia malaria akaimeza pale pale, akarudi nyumbani. Kuhusu mtoto aliyefariki hakuulizwa lolote zaidi ya tarehe.

*Wiki ya 22.* Alichelewa wiki mbili. Uzito ulikuwa umeshuka hadi kilo 53.2, jambo lisilotarajiwa katika mimba ya miezi mitano. Muuguzi alimwomba afungue pakiti ya vidonge, akakuta vimebaki 26. Akamuuliza kama mtoto anacheza. “Sijui,” mama akasema. Kwa kawaida, mama ambaye amewahi kuzaa huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 18, kwa hiyo jibu hilo lilikuwa dalili. Muuguzi alilichukua kuwa uzembe. Alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto anasikia kila kitu, aongee naye, amwimbie, kwani mama asiyempenda mtoto tumboni humharibu. Mama aliitikia kwa kichwa na kuondoka. Hakurudi wiki ya 26.

*Wiki ya 27.* Mhamasishaji wa afya ya jamii aliona jina lake kwenye orodha ya waliokosa kliniki akamtembelea. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama alikuwa kitandani, madirisha yamefungwa, na kitanda cha kuanikia omena kilikuwa kitupu na kimeota majani chini yake. Mhamasishaji hakuanza na fomu. Aliosha vyombo vilivyokuwa kwenye beseni, akachemsha uji, kisha akakaa. Baada ya nusu saa mama alisema ana “mawazo mengi”, hapati usingizi, na mtaji wa omena ameula wote. Kesho yake walikwenda kituoni pamoja.

Kipimo, na jinsi kilivyokaribia kutudanganya

Kituo kilitumia kipimo cha Edinburgh cha dalili za sonona, chenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3. Kilipendelewa kuliko dodoso la maswali 9 linalotumika kwa wagonjwa wengine, kwa sababu lile linahesabu uchovu na mabadiliko ya hamu ya kula, na hayo mjamzito anayo hata akiwa mzima.

Maswali yalianza kuulizwa kwenye benchi la foleni, mama mkwe akiwa ameketi kando. Majibu mawili ya kwanza yalikuwa “hapana” kavu. Afisa wa kliniki akasimamisha zoezi, akamwomba mama mkwe asubiri nje kidogo “tukimpima mama”, na maswali yakaanza upya ndani, mlango umefungwa.

Kisha ikaja lugha. Swali linalosema mambo yamekuwa yakimlemea mtu alilijibu akifikiria mizigo ya kubeba kichwani. Kiswahili si lugha yake ya nyumbani. Akaulizwa tena, “Kuna siku unaona huwezi, kila kitu kimekushinda?” Hapo akanyamaza, halafu akasema, “Karibu kila siku.” Alama zilipanda kutoka 15 hadi 17 kwa swali hilo moja. Alama 13 na kuendelea huchukuliwa kuwa dalili ya kutosha ya kumchunguza mtu kwa undani. Kipimo peke yake hakithibitishi ugonjwa.

Kuhusu usingizi aliulizwa, “Ukishatoka kukojoa usiku, unarudi kulala?” Mjamzito yeyote huamka usiku. Huyu aliamka saa tisa na hakulala tena mpaka kukapambazuka, na ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miezi miwili.

Swali la kumi, la kujidhuru, alilipa jibu la “mara chache sana”, yaani alama 1. Jibu lolote lililo juu ya sifuri hapo halipitwi, jumla iwe ngapi. Mazungumzo yaliendelea kwa mpangilio huu:

“Kuna wakati unaona ni heri usingekuwepo?” Ndiyo, anatamani alale asiamke.
“Umewahi kufikiria utafanyaje?” Hapana.
“Nyumbani kuna dawa za sumu?” Dawa ya kupe ya mama mkwe, chini ya kitanda.
“Nini kinakushikilia?” Mtoto wa gredi ya kwanza.

Kumuuliza mtu hivi hakumtii wazo kichwani. Waliokwisha kulibeba wazo hilo kwa kawaida hupata nafuu ya kulisema. Familia nyingi bado huogopa kwamba wazo la kujiua likiandikwa kwenye kadi, polisi watahusishwa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Na hata kabla ya hapo, kuwaza hakukuwa kosa. Wahudumu wanapaswa kuwaeleza watu hivyo waziwazi.

Aliulizwa pia, akiwa peke yake, kama kuna anayempiga au kumtisha. Hakuna. Lakini jamaa mmoja alikuwa amesema mbele za watu kwamba yeye “ana tumbo baya”, na mume hakumtetea.

Maamuzi na sababu zake

*Mwili kwanza, siku ile ile.* Damu ilikuwa imeshuka hadi 9.4. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi, na kilihitajika, kwani katika ukanda wa ziwa uchovu wa mjamzito haupaswi kuitwa sonona kabla malaria haijaondolewa. Alimeza SP iliyokuwa imechelewa. Madini ya chuma yaliongezwa hadi miligramu 120 kwa siku, yaani vidonge viwili vya miligramu 60, avimeze na chungwa au limau, na chai ikae mbali navyo kwa saa moja au mbili kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Upungufu wa damu hauleti sonona yote hii, lakini humnyima mgonjwa nguvu ya kuinuka kitandani, na tiba ya maneno inadai mtu aweze kuinuka.

*Vidonge vya wiki mbili tu.* Hapa kulikuwa na ubishi. Desturi ya kituo ni kutoa vya mwezi. Lakini vidonge vya chuma vikimezwa vingi kwa pamoja ni sumu kali, kwa mtu mzima na zaidi kwa mtoto mdogo, na nyumba ilikuwa na mtu anayetamani asiamke. Walimpa 28. Dawa ya kupe ilihamishiwa stoo ya jirani yenye kufuli. Mama mkwe aliambiwa tu kwamba si vizuri kuweka sumu pale anapolala mtoto, jambo ambalo ni kweli, na siri ya mama ikabaki salama.

*Mazungumzo ya kila wiki, na dawa baada ya wiki tatu kama hali haijabadilika.* Muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya kaunti, aliyepigiwa simu, alisema sonona ya kiwango hiki inaweza kuanza kutibiwa kwa njia zote mbili. Mama alisema hataki “dawa ya kichwa” kwa sasa. Walikubaliana kuanza na vikao 8 vya kila wiki vilivyofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, ambao asili yake ni Pakistani, na ambao uliandaliwa ili hata mhudumu wa jamii aliyefundishwa aweze kuutumia. Njia yake ina hatua tatu: kulitambua wazo linalomwumiza mama, kutafuta wazo jingine lililo la kweli na la kusaidia, kisha kulifanyia kazi kwa tendo dogo. Inashughulikia afya ya mama mwenyewe, uhusiano wake na mtoto, na uhusiano wake na watu wanaomzunguka.

Vikao viliwekwa Jumanne mchana, baada ya soko. Mwanzo vilipangwa Alhamisi, siku ya omena kufika ufuoni, na cha kwanza kilikosa mtu.

*Tumbo liachwe kwanza.* Huu ndio uamuzi ulioonekana wa ajabu kwa wenzetu kadhaa: kwa wiki mbili za mwanzo hakuna aliyemwambia mama chochote kuhusu kumpenda mtoto. Kazi ya wiki hizo ilikuwa kuamka saa ile ile, kuoga, na kukaa nje kwenye jua kwa dakika 20. Kisha kurudi kwenye omena, lakini kwa gorogoro moja tu. Wazo lake lilikuwa “biashara imekufa, sitaweza”. Gorogoro moja alilianika, likakauka kwa siku mbili, akaliuza. Alirudi kikaoni na hela mkononi akaziweka mezani bila kusema kitu.

Mapigo mawili

Wiki ya 29 muuguzi aliazima kutoka wodi ya kujifungulia mashine ndogo ya Dopla, inayotoa kwa sauti mapigo ya moyo wa mtoto. Siku nyingine zote hutumika lile bomba la kusikilizia la mti au chuma, ambalo muuguzi pekee ndiye anayesikia kupitia kwake. Mama hulala pale akisoma uso wa muuguzi. Kwa mama aliyewahi kuambiwa “hatusikii kitu”, huko kusoma uso ni mateso.

Sauti ilipotoka, mapigo 142 kwa dakika, mama aliuliza, “Hiyo ni yake ama ni yangu?”

Ni swali zuri kitaalamu pia, kwani Dopla huweza kunasa mshipa wa mama, na wahudumu wamewahi kudanganyika hivyo. Muuguzi alichukua vidole viwili vya mama akaviweka kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, chini ya kidole gumba. Walihesabu pamoja: 84. Mama akasikiliza ya mashine, akasikiliza ya mkono, akarudi ya mashine. “Ni wawili,” akasema. Akalia kwa muda mrefu, na muuguzi hakumwambia anyamaze.

Kikao kilichofuata ndicho alichoeleza ukweli wote. Mtoto wa sasa alianza kumsikia akicheza tangu wiki ya 17. Alipocheza, mama aliinuka haraka akatembea, au akafunga leso kwa nguvu tumboni, asisikie. “Sikutaka kumzoea. Yule mwingine nilimzoea.” Usiku alilala macho akingoja acheze, na akicheza aliogopa, na asipocheza aliogopa zaidi. Na yule aliyezikwa alikuwa na jina. Alikuwa amempa mwenyewe, kimya kimya. Alilitaja mara ya kwanza mbele ya mtu mwingine siku hiyo.

Dawa

Wiki ya 30 alama zilikuwa 18. Soko lilikuwa limerudi, lakini usingizi na tamanio la kutoamka vilikuwa palepale. Makubaliano ya mwanzo yalitimizwa: alipelekwa hospitali ya kaunti, akaanza setralini, dawa ya kutibu sonona, miligramu 25 kwa siku, ikawa 50 baada ya wiki moja.

Sababu za kuichagua zinafaa kuelezwa. Fluoksetini ndiyo ipatikanayo kwa urahisi zaidi, na inatumika katika ujauzito, lakini setralini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo zaidi, na mama huyu alitarajia kunyonyesha baada ya wiki chache. Amitriptilini iliachwa kwa sababu ikimezwa nyingi huua moyo upesi. Diazepamu kwa ajili ya usingizi ilikataliwa: humzoesha mama, na ikitumika karibu na kujifungua huweza kumfanya mtoto azaliwe mlegevu na mwenye kupumua kwa shida.

Aliambiwa mambo manne kwa maneno mepesi. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupita. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, asiache kwa kuona haifanyi kazi. Asiikatize ghafla, hata akisikia jirani akisema inadhuru mtoto, aje aulize. Na akianza kupata mawazo ya kujidhuru yaliyo makali kuliko mwanzo, afike siku hiyo hiyo. Kwenye kitabu cha mama na mtoto iliandikwa kwa wino mwekundu: yuko kwenye setralini, dawa za kundi hili huweza kuongeza kidogo hatari ya kutokwa na damu nyingi, hivyo oksitosini yuniti 10 isikosekane mtoto akitoka, mtoto aangaliwe siku mbili za kwanza kwa kutetemeka, kulia bila kutulia, kupumua na kunyonya.

Kikombe cha maharagwe

Wiki ya 32 mama mwenyewe aliuliza atajuaje mtoto akitulia. Alipewa zoezi: baada ya chakula cha jioni alale kwa ubavu wa kushoto, simu imefunikwa, bakuli la maharagwe upande mmoja na kikombe kitupu upande wa pili. Kila mtoto anapocheza, harage moja liingie kikombeni. Yakifika 10 ndani ya saa mbili, basi. Yasipofika, asingoje asubuhi. Aende hospitali na bodaboda aliyokwisha kukubaliana naye nauli ya usiku.

Wiki ya kwanza zoezi lilimdhuru. Alihesabu asubuhi, mchana na usiku, na mara moja alimwamsha mhamasishaji saa saba usiku akiwa na maharagwe 9. (Walikwenda, mtoto alikuwa salama.) Ikabidi mipaka iwekwe: mara moja kwa siku, na cha kutazama zaidi ni kama mtoto amebadilika na mazoea yake, kuliko tarakimu. Utafiti haujathibitisha kwamba kuhesabu peke yake hupunguza vifo vya watoto tumboni, na mama mwenye wasiwasi anaweza kuumizwa na hesabu. Thamani ya kikombe kwa mama huyu ilikuwa nyingine. Kilimpa ruhusa ya kukaa na mtoto kwa muda uliopimwa, akiwa na kazi ya mikono, bila kuambiwa ahisi chochote.

Mume alipokuja wikendi moja, yeye ndiye aliyeshika kikombe. Alikuwa ameitwa kikaoni siku iliyotangulia, na baada ya kimya kirefu akasema kwamba naye hakuonyeshwa mtoto yule, na kwamba alipotukaniwa mkewe hakujua la kujibu. Mama mkwe alijulishwa mwisho, kwa idhini ya mama, na alichosema ni kwamba yeye pia alizika mtoto ujanani na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu siku hiyo ndiye aliyepika chakula cha jioni.

Matokeo

Alama zilishuka hadi 13 wiki ya 33 na 9 wiki ya 36. Swali la kumi likawa sifuri. Damu ilifika 10.9. Kwa kuwa wiki ya 36 ndiyo aliyompoteza mtoto, aliitwa kliniki mara mbili kwa wiki kuanzia ya 35 hadi ya 37, ingawa ratiba ya kawaida ya mahudhurio 8 haidai hivyo.

Alijifungua wiki ya 38 hospitalini, mtoto wa kilo 2.9 aliyelia mara moja. Aliwekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Alitetemeka kidogo siku ya pili, ikaisha bila matibabu. Siku ya 10 alama za mama zilipanda hadi 12, akipata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku. Mama mkwe alianza kumbeba mtoto alfajiri baada ya kunyonya ili mama apate usingizi wa mfululizo. Wiki ya 6 zilikuwa 7.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilifanyika wiki ya 22, na lilifanywa na muuguzi mwema. Kumwambia mama mwenye sonona ampende mtoto ni kumwongezea hatia juu ya ugonjwa ambao tayari unamwambia hafai. Mama hakuelezwa afanye nini na hofu; alielezwa kwamba hofu yake inamharibu mtoto. Kukosa kliniki wiki ya 26 kulikuwa jibu la maneno hayo.

Nyuma ya kosa hilo kuna kosa la kusoma. Mtaalamu wa Australia John Condon, aliyeandaa kipimo cha uhusiano wa mama na mtoto aliye tumboni mwaka 1993, alitenganisha mambo mawili: mama anamhisi mtoto vipi, na mtoto anachukua nafasi kiasi gani katika fikra zake. Mama huyu alifikiria mtoto usiku kucha. Fikra hazikupungua hata kidogo. Zilikuwa zimejaa woga. Mtu anayefunga leso tumboni ili asisikie mateke hajamsahau mtoto. Kama angeulizwa “unamfikiria mtoto mara ngapi, na ukimfikiria unahisi nini?” badala ya “mtoto anacheza?”, huenda wiki tano zingeokolewa.

Hapa kwetu usomaji huo unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kuna kimya cha desturi. Wanawake wengi wa magharibi mwa Kenya hawatangazi mimba mapema, hawanunui nguo za mtoto kabla hajazaliwa, wala hawamtaji kwa jina. Waluo wana majina Owiti na Awiti, yanayobeba maana ya kutupwa, ambayo hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wengine kufa, ili kifo kisimtamani. Jamii ilikwisha kujua kwamba mzazi aliyefiwa hujizuia, ikalipa jambo hilo jina. Kwa hiyo kabati tupu si dalili ya ugonjwa. Muuguzi alipodai aone beseni, leso na nguo za mtoto kwenye mpango wa kujifungua, mama aligoma. Suluhisho likawa vitu hivyo vinunuliwe na kukaa kwa mhamasishaji hadi siku ya uchungu. Mpango ulitimia na desturi haikuguswa. Kinachotofautisha sonona na desturi ni mambo mengine: usingizi, uzito ulioshuka, omena iliyokoma kuanikwa, na kutamani kutoamka.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yetu, ni mfuatano. Sonona ilishughulikiwa kwanza na uhusiano ukaja nyuma yake, na mlango wake ulikuwa mtoto aliyefariki. Hakuna zoezi la kumzoea mtoto wa sasa lililoweza kushika kabla yule aliyefariki hajatajwa jina. Vituo vinavyohudumia kina mama waliofiwa na mtoto tumboni vinapaswa kuwauliza, kwa upole, kama wangependa kumwona na kumshika, na kuheshimu jibu lolote. Huyu hakuulizwa.

Kuhusu wiki tatu za kusubiri dawa, hatukubaliani sote. Upande mmoja unasema mama alikuwa na haki ya kuanza na anachokitaka, na vikao vilijenga imani iliyomfanya ameze dawa baadaye bila kukatiza. Upande wa pili unasema tamanio la kufa pamoja na uzito unaoshuka vilitosha kumfikisha hospitali ya kaunti siku ya kwanza, badala ya kupiga simu. Tunaelekea upande wa pili: kuonwa na mtaalamu mapema hakumlazimishi mama kumeza dawa siku hiyo.

Jambo dogo lenye uzito: kituo sasa huwauliza wajawazito maswali haya chumba cha kupimia uzito, ambako kila mama huingia peke yake na hakuna anayeuliza kwa nini mlango umefungwa.

Ufuatiliaji uliopangwa

Setralini inaendelea, na itapunguzwa polepole baada ya miezi 9 hadi 12 bila dalili. Alama zitachukuliwa tena kila mtoto anapoletwa chanjo, wiki ya 10 na ya 14. Siku ya kumbukumbu ya pili ya mtoto aliyefariki itaangukia mtoto wa sasa akiwa na miezi minne na nusu, hakuna chanjo mwezi huo, na kwa mpangilio wa kawaida mama asingeonana na mtu yeyote. Mhamasishaji ameizungushia wino kwenye kalenda ya ukutani kwake, na ameandika kando yake jina la mtoto.